Talo ya sentimita 10 iliyokatwa 3: kisa cha viatu vya marene, Bukavu

Viatu vyenyewe ni vyeusi, vya ngozi laini, namba 38, vimefungwa vidoleni na viko wazi juu ya mguu. Talo yake, yaani kisigino cha kiatu, ni ile nyembamba inayozidi kupungua kadiri inavyoshuka. Vilipotoka dukani ilikuwa na urefu wa sentimita 10 ukipima kwa nyuma. Vilipowekwa juu ya meza yangu, ya kushoto ilikuwa na sentimita 7 na ya kulia 6.7. Mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, mkaaji wa Kadutu ya juu, na alikuwa ameombwa kuwa marene, yaani msimamizi wa kike, katika ndoa ya mdogo wake. Ndoa ya komini, yaani ya serikali, ilikuwa imekwisha, ya kanisani ilikuwa Jumamosi, na alinifikia Jumatatu.

"Papa fundi," aliniambia, "hii kiatu iko inanivuta nyuma. Nikisimama naona naanguka kwa mgongo."

Alikuwa amevipeleka kwa kordonye (fundi viatu) mmoja wa kando ya barabara na kumwomba apunguze sentimita 3. Yule bwana alichukua msumeno wa chuma, akakata talo zote mbili, akagongelea vipande vya mpira wa tairi chini yake, akapaka kiwi, akapokea pesa. Kazi ya muda mfupi. Msumeno wake haukukosa sana, maana tofauti ya milimita 3 kati ya kushoto na kulia inasahihishika kwa tupa. Kosa lilitangulia msumeno, pale aliposema "ndiyo, inawezekana."

Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu ombi la kupunguza talo ni la kila wiki katika mji huu, na wateja wengi, pamoja na mafundi wasio wachache, wanaamini kwamba talo ni nguzo tu iliyobandikwa chini ya kiatu: ukitaka fupi, unaikata.

Kiatu kiliamuliwa zamani

Kiatu cha talo hujengwa juu ya kalibu, yaani umbo la mguu la mbao au plastiki, na kalibu hiyo imechongwa kwa urefu mmoja wa talo. Kalibu ya sentimita 10 haizai kiatu cha sentimita 7. Mwinamo wa mahali kisigino kinapokaa, mkunjo wa upinde wa mguu, mahali unyayo wa mbele unapogusa chini, hata kile kiasi kidogo ambacho ncha ya kiatu huinuka kutoka sakafuni, vyote vimekwisha kuamuliwa hapo. Kati ya soli ya ndani na soli ya nje, kuanzia chini ya kisigino hadi karibu na unyayo wa mbele, limefichwa bapa la chuma lililokunjwa kufuata mkunjo huohuo. Hicho ndicho chuma cha upinde. Ndicho kinachomfanya mtu wa kilo 60 asimame juu ya pengo tupu bila kiatu kukunjika katikati.

Talo inakuja mwisho. Inashikwa kwa misumari inayopigwa kutoka ndani, kupitia soli ya ndani, kisha ngozi ya ndani inabandikwa juu ili isionekane. Talo nyembamba kama hizi ni za plastiki ngumu yenye bomba la chuma katikati, na kipira cha chini kina pini inayoingia ndani ya bomba hilo. Ngozi iliyoivika talo imekunjwa na kubanwa chini ya kipira.

Sasa tuchukue rula. Katika kiatu hiki, kutoka mahali unyayo wa mbele unapogusa sakafu hadi talo ni sentimita 13. Ukiondoa sentimita 3 kwenye talo, kiatu chote kinazunguka juu ya unyayo wa mbele hadi talo iguse tena chini. Kinazunguka kwa nyuzi (digrii) 13 hivi. Mambo matatu hutokea kwa pamoja. Ncha ya kiatu, iliyo sentimita 7 mbele ya unyayo wa mbele, inapanda sentimita 1 na nusu na zaidi. Chini ya talo hapakai tena sawa: ukingo wa nyuma unatua kwanza, ukingo wa mbele unabaki hewani kwa zaidi ya milimita 2, na hizo ni nyingi sana kwa talo yenye upana wa sentimita 1. La tatu ndilo lililomleta mwalimu kwangu. Talo yenyewe inainama na kuingia ndani, chini ya mguu, kuelekea mbele, kwa sentimita 1 na nusu. Kisigino chake sasa kilikuwa kimekaa nyuma ya nguzo yake badala ya kukaa juu yake. Mtu akisimama hivyo hawezi kujisikia vingine ila kuvutwa nyuma.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa sentimita 1. Kiatu kinazunguka nyuzi 4 na kidogo, ncha inapanda nusu sentimita, ukingo wa mbele wa talo unabaki juu kwa chini ya milimita 1. Kiatu kinavumilia. Ndiyo maana mafundi waliofundishwa vizuri hushika sentimita 1, na kwa talo ndefu sana huweza kufika 1 na nusu. Ukipita hapo unakilazimisha kiatu kuwa kiatu kingine.

Wapo wanaojua kwamba talo hukatwa mshazari, nyuma zaidi kuliko mbele, ili kipira kilale sawa. Ni kweli, na ni lazima. Kordonye wa kwanza hakufanya hata hivyo, alikata sambamba na ukingo wa zamani. Lakini mshazari unatibu kipira peke yake. Ncha inabaki imeinuka, na talo inabaki imeingia ndani.

Nilichokuta ndani

Nilianza na kipira cha tairi. Kilikuwa kimepigwa misumari 2 moja kwa moja kwenye plastiki, kando ya bomba, na plastiki ya talo ya kulia ilikuwa imepasuka kutoka chini kwenda juu. Talo inayopungua kuelekea chini ikikatwa juu zaidi, mkato wake unakuwa mpana kuliko wa mwanzo, kwa hiyo kipira cha awali hakiwezi kutosha. Yule kordonye angetafuta kipira kikubwa kidogo chenye pini, maana bomba bado lilikuwa na tundu lake. Na ngozi ya kuvika talo ilikatwa pamoja na plastiki badala ya kuvutwa juu kwanza na kukunjwa upya baadaye, hivyo ikaanza kujiviringa pembeni. Hilo ni la sura tu, lakini mteja huliona kabla ya mengine yote.

Nikavuta ngozi ya ndani. Soli ya ndani ya viatu vingi vya siku hizi ni kadibodi ngumu iliyoshindiliwa, na ya kushoto ilikuwa na ufa mahali talo inapoishia kwa mbele. Chuma cha upinde kilikuwa kimelegea kwenye ribiti yake, ile pini ya chuma inayokishika. Nadhani sababu ni mbili. Kugongelea kipira huku kiatu kimelala mezani, bila mguu wa chuma (chuma cha fundi chenye umbo la unyayo) ndani yake, ni kuitikisa mizizi ya talo kwa nyundo. Kisha mwalimu alivivaa Jumapili kwenda misa na kurudi, talo ikiwa imeinama, na kila hatua ikawa inaikunja talo kuelekea mbele. Misumari ikacheza, kadibodi ikafuata.

Kuna kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya nyumbani. Weka kiatu sakafuni, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya upinde, kwa nguvu. Kiatu kizima hakishuki. Cha kushoto kilishuka na kutoa mlio.

Kwa nini aliomba 3

Swali hili ndilo ambalo hakuulizwa kule kwa kordonye wa kwanza. Nilipomuuliza, hakutaja urefu hata kidogo. Alisema: kushuka. Kutoka kwake hadi barabara kubwa ni njia ya mteremko, sehemu nyingine ngazi za mawe, sehemu nyingine udongo, na akishuka mguu unateleza mbele hadi vidole vinabanwa kwenye ncha. Kupanda hakukumsumbua.

Hapo mji wenyewe unaingia katika hesabu. Bukavu iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, imejishikilia kwenye milima na rasi zinazoingia Ziwa Kivu, na mtu wa Kadutu anayekwenda Ibanda, komini jirani, anateremka karibu kila siku ya maisha yake. Mteremko wa asilimia 10 unashuka sentimita 1.3 katika zile sentimita 13 kati ya unyayo wa mbele na talo. Maana yake, mtu akielekea chini, talo ya 10 inamfanyia kazi kama ya 11.3. Akirudi kwa kupanda, ni kama amevaa ya 8.7. Kwenye kijia cha asilimia 20, ambacho Kadutu hakitafutwi mbali, ni 12.6 kwa kushuka na 7.4 kwa kupanda. Asubuhi anashuka na viatu virefu, jioni anapanda na vifupi, na ni viatu vilevile. Ndugu zetu wa Lubumbashi, juu ya tambarare yao, wanaweza kusoma aya hii na kucheka.

Kwa hiyo malalamiko yake yalikuwa ya kweli, ila dawa aliyojiandikia ilikuwa ya ugonjwa mwingine. Mguu unaoteleza mbele huzuiwa na kitu kinachoushika: mkanda wa kifundo, au pedi nyembamba chini ya unyayo wa mbele, au vyote viwili. Talo inayozama udongoni au kuingia kati ya mawe hutibiwa kwa kipira kipana zaidi. Soli inayoteleza kwenye ngazi zenye maji hutibiwa kwa nusu soli ya mpira mbele. Angeniletea viatu hivi vikiwa vizima, ningemkatia sentimita 1 kwa mshazari, nikamwekea kipira kikubwa kidogo, kwa kuwa mkato wenyewe unakuwa mpana, nikaongeza pedi na mkanda, na ningemwambia pia apande pikipiki hadi mlango wa kanisa. Hilo la mwisho si la ufundi, lakini ndilo ambalo lingemsaidia kuliko yote.

Katika hesabu ya sentimita 1, soli ya nyongeza ya mbele lazima ihesabiwe. Nusu soli ya milimita 3 inainua unyayo wa mbele milimita 3, na kwa kiatu hiyo ni sawasawa na kukatwa talo milimita 3. Nimeona viatu vilivyokatwa kwa adabu, sentimita 1 kamili, kisha vikabandikwa nusu soli nene ya tairi, na mwenyewe akabaki akishangaa kwa nini ncha inatazama mbinguni.

Njia zilizobaki

Kurudisha urefu kwa kuunga kipande chini ya talo iliyokatwa lilikuwa wazo lake la kwanza, na nililikataa. Mtu anapotua kisigino, kwa nukta moja uzito wake wote unapita kwenye ile sentimita moja ya mraba. Kiungo kilichowekwa hapo, kwa gundi au kwa pini, kitaachia, na kitachagua siku mbaya ya kuachia.

Mimi nilipendekeza kompanse: kujaza pengo lote kati ya talo na unyayo wa mbele kwa sponji ngumu ya soli, tabaka juu ya tabaka, kuchonga, na kuvika ngozi nyeusi. Chini yake ningeongeza kidogo ili kurudisha urefu hadi karibu sentimita 9. Kiatu cha namna hiyo hakitegemei tena chuma cha upinde kilichochoka, kwa kuwa hakuna pengo la kuvukwa. Kompanse yenyewe ilizaliwa kutokana na shida ya chuma hichohicho. Salvatore Ferragamo, fundi Mwitalia aliyekuwa na karakana mjini Florence, alikuwa akitegemea chuma kizuri kwa upinde wa viatu vyake. Italia ilipoishambulia Ethiopia mwaka 1935 na kuwekewa vikwazo, chuma hicho kikaadimika, na alichoweza kukipata kikawa kinavunjika miguuni mwa wateja. Akaacha kupigana nacho. Akaziba pengo lote kwa koki ya Sardinia, ile ya kutengenezea vizibo vya chupa, akaibana, akaichonga, na viatu vikasimama. Talo nyembamba yenye chuma ndani ilikuja kutamba baadaye, miaka ya 1950, na Roger Vivier, aliyekuwa akimtengenezea Dior viatu huko Paris, ni mmoja wa waliolipatia umbo hilo jina.

Nilimweleza haya yote mwalimu, kwa shauku ambayo pengine ilizidi kiasi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Papa, kompanse ni ya mama anayekwenda sokoni. Marene hawezi."

"Mwalimu, marene akianguka mbele ya padri, je?"

Akacheka sana, na hakubadilisha jibu. Na mimi sikumlazimisha. Viatu ni vyake, mdogo ni wake, picha zitakaa ukutani kwake. Fundi anadaiwa kusema lipi litasimama na lipi litavunjika. Kuhusu lipi ni zuri, mwenye mguu ana neno kubwa zaidi.

Ikabaki kupandikiza talo nyingine. Kwa sisi tunaofanya kazi bila duka la vipuri, viatu vilivyokufa ndivyo stoo yetu: ngozi imechanika, soli imebanduka, lakini talo na chuma cha upinde bado vina uhai. Talo ya kupandikiza inatakiwa iafikiane na kiatu kwa upana wa mahali kisigino kinapokaa, kwa mwinamo wa mahali hapo, na kwa urefu. Katika sanduku langu hakukuwa na jozi. Nikaenda kwa wauza mitumba, nikapata viatu vya kike vyenye talo pana ya sentimita 9, yenye kina cha sentimita 3 na nusu chini, ngozi yake imekwisha kabisa. Muuzaji alinitazama kama mtu anayenunua mifupa.

Talo iliyochongwa kwa kiatu cha sentimita 9 inasimama wima kiatu kikiwa na sentimita 9, na chini yake inalala sawa bila mkato wowote. Yaani kwa kubadilisha talo nzima badala ya kuikata, matatizo mawili kati ya matatu yanatoweka: ukingo haubaki hewani, na nguzo haiingii ndani. Linalobaki ni ncha kuinuka nusu sentimita, na chuma cha upinde kulazimishwa kukaa chini kidogo kuliko kilivyozaliwa. Tofauti ni sentimita 1. Tuko ndani ya mpaka.

Kuna mafundi wanaosema chuma cha upinde kinaweza kukunjuliwa kwa mkono kifuate urefu mpya, kisha unaweza kushusha talo hata sentimita 3 au 4. Nimeona ikifanyika kwenye sandali za wazi, na kwa kiasi kidogo inapita. Kwa kiatu kilichofungwa kama hiki sikubaliani nayo. Ngozi ya juu ilivutwa juu ya kalibu ya mwinuko mmoja, na ukiunyoosha upinde, ngozi inajikunja juu ya vidole na kufunguka pembeni mwa kisigino, na mguu unaanza kutoka.

Kazi yenyewe

Niling'oa talo za zamani kwa koleo, msumari mmoja mmoja, ili nisiongeze ufa. Soli ya ndani ya kushoto niliitia kiraka cha ngozi ngumu iliyokatwa kufuata umbo la kisigino, kwa gundi na ribiti mpya ya kushika chuma. Cha kulia hakikuhitaji, lakini nilikitia pia, maana viatu viwili visivyolingana kwa uzito mtu huvisikia akiwa amesimama muda mrefu, na misa ya ndoa hapa kwetu haina haraka.

Mahali pa talo mpya palikuwa panazidi kwa milimita 2 kila upande. Nilipunguza kwa tupa, nikamaliza kwa msasa. Gundi nilipaka pande zote mbili na kusubiri hadi isigande tena kwenye kidole. Wengi hukosea hapa kwa haraka, hasa msimu wa mvua ambapo gundi hukawia kukauka, kisha wanailaumu gundi. Kiatu kikaingia kwenye mguu wa chuma, misumari yenye miiba ikapigwa kutoka ndani, na katikati skrubu moja.

Kisha kioo. Ninacho kipande cha kioo cha dirisha ambacho kazi yake ni hii tu. Unaweka viatu vyote viwili juu yake, unainama, unawasha taa ya simu upande wa pili na kutazama kama mwanga unapita chini ya talo. Kwa talo nyembamba mwanga hudanganya, kwa talo pana hausemi uongo. Cha kulia kilihitaji tupa kidogo kwa nyuma.

Kuvika talo kulichukua muda kuliko nilivyotaka. Ngozi nilitoa kwenye mkoba wa zamani, na weusi wake haukufanana kabisa na wa viatu. Nilipaka rangi viatu vizima mara mbili ili vifanane, na kwenye kivuli vinafanana. Nusu soli ya milimita 2 mbele, pedi ndani. Mkanda wa kifundo aliukataa. Alisema utaikata picha ya mguu. Nilimwambia mkanda ungemsaidia kushuka kuliko kazi nyingine yote niliyofanya, na bado naamini hivyo.

Jumamosi alisimama misa nzima na kupiga picha zake. Kwa ngazi za ukumbi huko Muhumba alivaa viatu vya chini alivyokuwa amevificha kwenye mkoba wa mdogo wake, na sioni aibu katika hilo. Viatu ni vizito kuliko vilivyotoka dukani, na mtu mwenye jicho ataona kwamba talo pana haikuzaliwa na ngozi ile nyembamba. Gharama yote, pamoja na jozi ya mitumba, ilifika karibu mara 4 ya alicholipa kwa msumeno.

Kwa nini fundi husema ndiyo

Wateja huuliza kama yule kordonye wa kwanza ni tapeli. Simdhanii hivyo. Meza zetu ziko karibu. Ukimwambia mteja "haiwezekani", anapiga hatua 10 na kufika kwa mwenzako, ambaye hajala tangu asubuhi na atasema inawezekana. Anayekataa anapoteza hela ya siku, na hakuna anayemlipa kwa kuokoa kiatu. Kuongea peke yake hakutoshi. Mteja anayesikia "nyuzi 13" anaona anazungushwa.

Kinachofanya kazi ni vibao. Ninavyo vitatu, vya unene wa sentimita 1, 2 na 3. Mtu akitaka kupunguziwa, avae viatu vyake, asimame na unyayo wa mbele juu ya kibao cha unene anaoutaka, talo ikiwa sakafuni. Kuinua mbele sentimita 3 ni sawa na kushusha nyuma sentimita 3, kwa hiyo anakionja kiatu kabla hakijaguswa. Ncha inainuka mbele ya macho yake, mgongo unavutwa, na yeye mwenyewe ndiye anayesema basi. Ninalifanya hilo hata kwa wanaotaka kuongezewa talo, wanaume kwa wanawake, kwa kuweka kibao chini ya talo badala ya mbele. Sheria ni ileile, ila hapo ncha ndiyo inayokandamizwa chini na vidole ndivyo vinavyolia.

Viatu vingine vinasamehe zaidi. Talo pana iliyopangwa kwa tabaka za ngozi inapunguzwa tabaka moja bila shida, ukikumbuka mshazari, maana katika upana wa sentimita 5 kosa dogo la nyuzi linakuwa milimita kadhaa. Kiatu chenye soli nene ya mbele kisipimwe kwa talo peke yake. Toa unene wa mbele kwanza, kinachobaki ndicho urefu ambao mguu unaujua. Buti za talo fupi karibu hazina la kukata.

Baada ya ndoa mwalimu alirudi na sandali nyekundu za sentimita 6, za kwake za siku nyingi. Alitaka zipungue. Sikumweleza kitu, nilisogeza vibao tu. Akapanda cha 2, akatazama ncha zake zikiinuka, akashuka. Akapanda cha 1, akapiga hatua pale pale, akafikiri.

"Hii," akasema. "Na utie mkanda."